Mikono Iliyosema: Judith Scott na Sanamu Zake za Nyuzi

Tunapotaja neno sanamu, wengi wetu hufikiria kitu kigumu. Hufikiria kinyago cha mpingo kilichochongwa na Mmakonde, au yule askari wa shaba aliyesimama katikati ya Dar es Salaam tangu mwaka 1927. Jiwe, mti, shaba, saruji: hivyo ndivyo vitu tulivyozoea kuona vikifanywa sanamu. Je, nani kati yetu angefikiria uzi? Nani angefikiria matambara yanayobaki chini ya cherehani baada ya fundi kukata gauni?

Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 60 sasa, wasanii wa nchi mbalimbali wamekuwa wakitengeneza sanamu kwa nguo, kamba, sufu na nyuzi. Watu huziita sanamu laini, nazo zimepewa nafasi katika majumba makubwa ya makumbusho. Mwezi huu tumependa kuwaeleza wasomaji wetu habari za mwanamke mmoja aliyezitengeneza. Mwanamke huyo hakusikia sauti, hakusema neno, hakujua kusoma wala kuandika, na kwa miaka 35 aliishi katika nyumba za kuwatunzia watu waliodhaniwa kuwa hawafundishiki. Jina lake ni Judith Scott.

Sisi tulio wauguzi tumemchagua huyu kwa makusudi. Kliniki tunawapokea akina mama wengi wenye mtoto asiyesema, na swali lao huwa ni moja: "Dada, je, mtoto huyu ana kitu ndani yake?" Maisha ya Judith ni jibu la swali hilo. Pia ni onyo.

KAZI YA SINDANO YAINGIA MAKUMBUSHONI

Kwa muda mrefu kazi ya uzi na sindano haikuhesabiwa kuwa sanaa. Iliitwa kazi ya mikono, au kazi ya nyumbani tu. Mwanamume akichora picha kwa rangi, picha hutundikwa ukutani na jina lake huandikwa chini yake. Mwanamke akidarizi kitambaa cha meza, kitambaa huwekewa birika la chai juu yake, na hakuna mgeni anayeuliza jina la aliyekidarizi. Mambo hayakuwa hivyo kwetu tu. Yalikuwa hivyo Ulaya na Marekani pia.

Mwaka 1962 msanii mmoja wa Marekani, Claes Oldenburg, alionyesha mjini New York vyakula vikubwa vya ajabu vilivyoshonwa kwa turubai na kujazwa ndani: kipande cha keki, mkate wenye nyama katikati, na koni ya aiskrimu. Kila kimoja kilikuwa kirefu au kipana kupita urefu wa mtu. Vilikuwa vimelazwa sakafuni, vimebonyea kama mito ya kitanda. Watu walicheka, lakini tangu siku hizo walianza kukubali kwamba sanamu yaweza kuwa laini. Aliyevishona kwa cherehani ni mkewe, Patty. Jina lililotangazwa lilikuwa la mume.

Huko Poland, mama mmoja aitwaye Magdalena Abakanowicz alitumia mkonge, zao ambalo watu wa Tanga na Morogoro hawahitaji kuelezwa. Alichukua kamba kuukuu, akazifumua, akazitia rangi, akafuma maumbo makubwa yaliyoning'inizwa kutoka darini. Mtu aliweza kuyazunguka, na mengine kuingia ndani yake kama anayeingia kibandani. Mwaka 1965 alipata medali ya dhahabu katika maonyesho ya kimataifa ya São Paulo, Brazil.

Naye Faith Ringgold, mama Mwafrika wa Marekani aliyezaliwa Harlem, New York, alianza kwa kuchora na rangi za mafuta, kisha akageukia nguo. Mama yake mzazi, Willi Posey, alikuwa mbunifu na mshonaji wa mavazi. Mwaka 1980 mama na binti walishirikiana kushona blanketi la viraka lenye nyuso za watu wa mtaa wao. Baadaye Faith alishona mengine mengi na kuandika hadithi juu yake. Alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 93, na mablanketi yake yamo katika makumbusho ya sanaa.

Watu hao wote walikuwa wamesoma. Waliweza kusimama mbele ya watu na kueleza kwa nini walichagua nguo wakaacha jiwe. Judith Scott hakuweza kueleza lolote. Ndiyo maana habari zake ni za pekee.

PACHA WAWILI, NJIA MBILI

Judith alizaliwa tarehe 1 Mei 1943 katika jimbo la Ohio, Marekani, pamoja na pacha wake Joyce. Kwetu wangeitwa Kulwa na Doto. Joyce alizaliwa bila tatizo lolote. Judith alizaliwa na hali ambayo waganga huiita sindromu ya Down.

Tuseme machache juu ya hali hiyo, kwa sababu hapa kwetu bado imezungukwa na maneno mengi ya uongo. Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembechembe ndogo sana, na ndani ya kila chembe mna nyuzi nyembamba za urithi ziitwazo kromosomu. Kwa kawaida ni 46. Mtoto mwenye sindromu ya Down huwa na 47, kwa kuwa ile ya namba 21 imezidi moja. Daktari Mwingereza, John Langdon Down, aliieleza hali hii mwaka 1866, na watafiti wa Ufaransa wakagundua kromosomu hiyo ya ziada na kuitangaza mwaka 1959. Basi si laana. Si kurogwa. Si adhabu ya mizimu, wala si kosa alilofanya mama wakati wa mimba. Mama mwenye umri mkubwa ana uwezekano zaidi wa kumzaa mtoto wa namna hii, lakini akina mama vijana nao huwazaa.

Akiwa bado mchanga, Judith alipatwa na homa kali ya vipele vyekundu. Homa ilipona, lakini iliondoka na uwezo wake wa kusikia. Hakuna aliyegundua. Wazazi waliona mtoto hasemi, wakadhani ni kwa sababu ya ile hali aliyozaliwa nayo. Joyce yeye hakuhitaji maneno. Walicheza pamoja na kulala kitanda kimoja, wakaelewana kwa kugusana na kwa ishara kama pacha wanavyoelewana.

Walipofika umri wa kwenda shule, Judith alipimwa akili. Maswali aliulizwa kwa mdomo. Mtoto kiziwi aliulizwa maswali kwa mdomo, naye hakujibu, na wapimaji wakaandika alama 30, yaani chini sana. Wakaandika pia kwamba hafundishiki. Kile kipimo kilipima masikio, kisha kikaandika habari za akili.

Madaktari waliwashauri wazazi wampeleke katika nyumba ya serikali ya watu wenye ulemavu wa akili. Tusiwe wepesi kuwahukumu wazazi hao. Wakati huo hapakuwa na shule ambayo ingempokea mtoto kama yeye, na ushauri wa namna hiyo ulitolewa kwa wazazi wengi, tena na watu wenye vyeti. Tarehe 18 Oktoba 1950 Judith aliondolewa nyumbani. Joyce alipoamka, upande wa pili wa kitanda ulikuwa mtupu. Alikuwa na miaka saba.

Miaka 35 ilipita. Judith alikulia katika nyumba hizo hadi akawa mtu mzima, na ni katika utu uzima wake tu ndipo ilipojulikana kwamba ni kiziwi. Fikiri, ndugu msomaji, ni mambo mangapi yangekuwa tofauti kama mtu mmoja tu angepiga makofi nyuma ya mgongo wa mtoto yule na kuona kwamba hageuki!

Joyce alikua, akahamia California, akawa na familia yake. Lakini hakupata amani. Mwaka 1985 aliamua kwamba pacha wake hatafia katika nyumba ya serikali. Akaanza kufuatilia sheria na makaratasi, na mwaka 1986 akawa mlezi wa Judith kisheria na kumchukua nyumbani kwake. Walikuwa na miaka 43.

KARIBU MIAKA MIWILI BILA MATUNDA

Katika mji wa Oakland, California, kuna kituo kiitwacho Creative Growth. Kilianzishwa mwaka 1974 na mtu na mkewe, Elias Katz na Florence Ludins-Katz, ili watu wazima wenye ulemavu wapate mahali pa kufanya sanaa. Walianzia katika gereji ya nyumba yao. Mwaka 1987 Joyce alimpeleka Judith huko.

Mwanzo haukuwa na dalili njema. Judith alipewa karatasi, penseli na rangi. Alizungusha mistari kidogo, akaacha. Haikuonekana kumvutia. Wiki zikawa miezi, na miezi ikakaribia kuwa miaka miwili, huku Judith akija, akikaa mezani, na kurudi nyumbani bila jambo la maana kufanyika.

Hapa ndipo tunapowapenda walimu wa kituo kile. Hawakumwambia Joyce, "Tumejaribu, tumeshindwa, mchukue ndugu yako." Waliendelea kumpokea. Ndipo siku moja akaja mwalimu mgeni, Sylvia Seventy, kufundisha sanaa ya nyuzi. Darasa lilikuwa na shughuli yake. Judith hakuifuata. Alichukua vijiti, akaanza kuvizungushia uzi, akavifunga pamoja, akaendelea kuzungusha na kufunga hadi vijiti havikuonekana tena. Hakuna aliyemwonyesha kufanya hivyo. Walimu walitazama, wakaelewa kwamba kitu kimeanza, nao wakafanya jambo la busara kuliko yote: walimwacha. Walimpa nyuzi, wakampa muda, hawakumsahihisha.

JINSI ALIVYOFANYA KAZI

Ili uone kwa macho ya moyo kazi ya Judith ilivyokuwa, kumbuka ule mpira wanaochezea watoto wetu mitaani. Mtoto huchukua matambara au mifuko ya plastiki, huyafinyanga, kisha huyazungushia kamba mara nyingi, huku na huku, hadi mpira unakaza na kamba zenyewe zinakuwa kama wavu juu yake. Judith alifanya hivyo hivyo, isipokuwa kazi yake moja iliweza kuchukua wiki nyingi au hata miezi, na haikuwa mviringo.

Kwanza alitafuta kitu cha kuweka ndani. Alichukua alichokiona: kijiti, mwavuli, funguo, gazeti, kiti. Mara nyingine vilikuwa vitu vya watu, navyo vilipotea! Kisha alianza kukifunga kwa nyuzi za sufu, kamba na vipande vya nguo alivyovichana. Alipitisha uzi chini ya uzi, akapiga fundo, akakaza. Aliongeza kitu kingine, akakifunga pamoja na cha kwanza. Rangi aliziweka kwa tabaka. Mahali fulani bluu nyingi hufunika kila kitu, halafu uzi mwekundu mmoja hupita juu yake kama mshipa wa damu. Sanamu moja ya siku zake za mwisho imejengwa juu ya toroli la kununulia bidhaa, na magurudumu yake bado yanaonekana.

Kazi nyingine zilikuwa ndogo, za kubebwa kama mtoto mchanga. Nyingine zilikuwa kubwa kumzidi yeye mwenyewe, maana alikuwa mtu mfupi. Hazifanani na mnyama wala mtu wala chombo. Ukizitazama unafikiria kifukofuko cha nondo, au kiota, au mzigo wa msafiri aliyefunga kila alicho nacho.

Kuna sanamu yake moja nyeupe tupu. Hiyo aliifanya wakati alipokosa nyuzi. Badala ya kukaa bure, alichukua karatasi za kufutia mikono, akazisokota, akazifunga mafundo, na kujenga sanamu nzima. Sisi tunaojua maana ya kukosa vifaa kazini tunamwelewa.

Alifanya kazi siku tano kwa wiki kwa karibu miaka 18. Aliyeketi naye aliona kwamba hakuwa anapitisha muda tu. Alichagua uzi, akaukataa, akachukua mwingine. Na kazi ilipokwisha alijua imekwisha: aliisukuma kando, na haikumhusu tena. Kwa jumla sanamu zake hukadiriwa kufika 200 hivi. Tangu apate kazi yake alianza hata kujipamba, akijifunga vilemba vya rangi na kuvaa shanga na kofia.

Mpiga picha Leon Borensztein alimpiga Judith picha akiwa ameikumbatia sanamu yake kwa mikono miwili, ameegemeza uso juu yake. Mtu yeyote aliyewahi kuona mama akimpokea mtoto wake baada ya kuzaliwa ataielewa picha hiyo bila maelezo.

JE, NI SANAA KWELI?

Swali hili liliulizwa na linaulizwa bado. Wapo waliosema: mtu huyu hakujua neno sanaa, hakuwahi kueleza maana ya kazi yake, wala hakuzipa sanamu zake majina. Huenda ni mazoea tu ya mikono, kama mgonjwa anayekunja na kukunjua shuka lake mchana kutwa.

Sisi tumeshawaona wagonjwa wa kukunja shuka, na tunaweza kusema tofauti ilipo. Mazoea hurudia jambo lile lile. Shuka la leo hukunjwa kama la jana. Kazi za Judith hazikurudia. Za mwanzo ni nyembamba na nyepesi, za baadaye ni nzito na zimejaa, na rangi hubadilika kutoka kazi moja hadi nyingine. Mtu anayechagua, anayebadilisha, na anayejua mahali pa kuishia, huyo anafanya kazi ya fikira.

Mwaka 1999 mtaalamu John MacGregor aliandika kitabu kizima juu yake, na mwaka huo huo sanamu zake zikaonyeshwa rasmi. Leo zimo katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York na katika makumbusho ya mji wa Lausanne, Uswisi, miongoni mwa mengine. Kuanzia Oktoba 2014 hadi Machi 2015 makumbusho ya Brooklyn, New York, yalifanya maonyesho makubwa ya kazi zake peke yake, tena katika kitengo chao cha sanaa ya wanawake. Mwaka 2017 sanamu zake zilikuwamo katika maonyesho makubwa ya kimataifa ya Venice, Italia. Mtoto aliyeandikiwa kwamba hafundishiki, watu walipanga foleni kujifunza kutoka kwake.

Kuna jambo moja la kuangalia. Wengine wameona maumbo mawili yaliyofungwa pamoja katika baadhi ya kazi zake, wakasema hao ni pacha, Judith na Joyce. Huenda ni hivyo. Lakini Judith hakusema, na si vema kumwekea maneno kinywani. Maisha yake yote watu walisema kwa niaba yake na kukosea. Inatosha kuitazama kazi, kama tunavyomtazama mtoto anayelala bila kumlazimisha atueleze ndoto yake.

NA HAPA KWETU JE?

Tusijidanganye kwamba nyumba za kuwafungia watu zilikuwa Marekani tu. Kwetu nyumba hiyo mara nyingi ni chumba cha nyuma. Wageni wakija, mtoto huingizwa ndani. Jumapili watoto wengine huvishwa nguo safi na kwenda kanisani, yeye hubaki na bibi. Neno taahira hutamkwa mbele yake kana kwamba hana masikio. Na wakati mwingine, kama Judith, kweli hayasikii, lakini hakuna aliyewahi kuyapima.

Lakini ipo mifano ya kututia moyo. Mjini Iringa, mwaka 2003, ndani ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ilianzishwa karakana iitwayo Neema Crafts. Ilianza na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi, kisha ikaongeza kazi nyingine, zikiwamo kufuma na kushona, kwa watu wenye ulemavu mbalimbali. Aliyewahi kuonekana mzigo nyumbani akawa fundi wa kuleta mshahara.

Siyo kila mtoto mwenye sindromu ya Down atakuwa Judith Scott, kama ambavyo si kila mtoto anayeimba atakuwa mwimbaji wa kujulikana. Hatuandiki haya ili mama aanze kutafuta msanii ndani ya nyumba yake. Tunaandika ili mtoto apimwe masikio, apewe muda, na apewe kitu cha kushika. Haya ndiyo tunayowashauri akina mama:

1. Pimisha masikio kwanza. Watoto wengi wenye sindromu ya Down, wataalamu husema hadi watatu katika kila wanne, wana tatizo la kusikia la kiasi fulani. Njia za masikio yao huwa nyembamba, na majimaji hukusanyika nyuma ya ngoma ya sikio. Mengi ya hayo hutibika. Wapimwe tangu uchanga, na kipimo kirudiwe kila mwaka. Hata mtoto asiye na ulemavu wowote apimwe kama ameugua homa ya uti wa mgongo au surua, au kama amefika miaka miwili bila kusema.

2. Jaribu nyumbani, lakini usiishie hapo. Simama mahali mtoto asipokuona, umwite au upige makofi bila kumtikisa wala kumpulizia upepo. Asipogeuka mara kwa mara, mpeleke kliniki ya masikio, pua na koo. Sikio linalotoa usaha lisitiwe mafuta wala dawa ya majani. Lipelekwe hospitali.

3. Usikubali neno "hafundishiki" kutoka kwa mtu yeyote. Uliza: alipimwa kwa njia gani? Aliulizwa kwa mdomo, au alionyeshwa? Una haki ya kuuliza, hata kama aliye mbele yako amevaa koti jeupe.

4. Mpe vitu vya kushika. Huhitaji kununua chochote. Vipande vya khanga zilizochakaa, kamba ya mkonge, mabaki ya sufu, ukili, vijiti. Fundi cherehani wa jirani yako hutupa matambara kila jioni, mwombe. Kazi ya kufunga na kufungua hutia nguvu vidole, na vidole vyenye nguvu baadaye hushika kijiko na kufunga vifungo vya shati.

5. Mwache achague. Usimshike mkono na kumfanyia. Usifumue alichofunga ili kiwe kizuri machoni pako. Kama leo anafunga tu na kufungua, sawa. Judith alikaa karibu miaka miwili kabla ya kufunga fundo la kwanza.

6. Angalia usalama. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na kamba ndefu, maana inaweza kumnyonga. Sindano, shanga ndogo na vifungo viwe mbali na mtoto ambaye bado anatia kila kitu mdomoni. Mtoto mwenye sindromu ya Down anaweza kuendelea na tabia hiyo muda mrefu kuliko wenzake.

7. Wahusishe ndugu zake. Aliyemtoa Judith katika ile nyumba hakuwa serikali wala daktari. Alikuwa pacha wake. Watoto wako wazima wafundishwe mapema kwamba ndugu yao ni wao, wala si siri ya familia.

Kwa vikundi vya akina mama makanisani tuna ombi moja. Mnapokutana kushona na kufuma, mkaribisheni mama mwenye mtoto wa namna hii, na aje na mtoto wake. Wekeni kikapu cha mabaki katikati, mtoto akae nacho. Mama atapata saa moja ya kupumua, na mtoto ataonekana na watu. Kwa baadhi yao hiyo itakuwa mara ya kwanza.

Mwaka 1983, Joyce alipokuwa bado hajamchukua pacha wake, wastani wa maisha ya mtu mwenye sindromu ya Down huko Marekani ulikuwa miaka 25 tu. Sasa umefika miaka 60 hivi, kwa sababu ya matibabu ya moyo na maambukizo, na kwa sababu wengi sasa wanalelewa nyumbani. Judith mwenyewe alifariki tarehe 15 Machi 2005, nyumbani kwa Joyce, mikononi mwa Joyce, zikiwa zimebaki wiki chache atimize miaka 62. Miaka 35 walitenganishwa. Karibu 19 walirudishiwa, na ndani ya hiyo 19 ndimo zilimotoka sanamu zote.

Kama unaye mtoto asiyesema, wiki hii mpeleke apimwe masikio. Ukirudi nyumbani, mwekee matambara na kamba mbele yake, kaa karibu naye, na utazame mikono yake inafanya nini.